Tupeane uzoefu: maandishi yanayojibandika chini ya imeili za ofisi

Kalamu ya Chuma
Wakuu, salaam. Uongozi wetu unataka kila imeili inayotoka nje ibebe jina kamili la kampuni, anuani, na lile onyo la "kama hukukusudiwa, ifute". Tupo kwenye Microsoft 365 (huduma ya Microsoft ya barua na programu za ofisi), na nusu ya watu wanatuma kwa simu. Mliokwisha pita huku, mlikutana na nini?

Mzee wa Seva
Kwanza usimwachie kila mtu abandike mwenyewe kwenye Outlook, programu yake ya barua. Wa simu watasahau, na wengine wataweka maua na aya za maandiko. Tengeneza kanuni kwenye Exchange, yaani mtambo wa barua ulio ndani ya 365, barua ibandikwe ikiwa njiani.

Ila usikose kuweka "isipokuwa". Unachagua kipande cha maneno kilichomo kwenye onyo lako, unaiambia kanuni ikikikuta ipite bila kubandika. Ofisi niliyotoka haikuweka. Tulikuwa tunavutana bei na mteja wa Mombasa, jibu juu ya jibu, na kila tukijibu onyo jingine linaongezeka. Bosi wake alipotaka mazungumzo yachapishwe, bei ilikaa ukurasa wa kwanza, waliobaki wote wakasoma sheria.

Na ujue Exchange inabandika mwisho kabisa wa mlolongo, chini ya barua zote za nyuma, si chini ya jibu lako. Wakubwa wanalalamikia hilo kila siku.

Binti Hesabu
Mimi si mtu wa TEHAMA, nipo uhasibu. Kinachotuudhi ni kwamba sisi wenyewe hatuyaoni. Ukifungua folda ya zilizotumwa unakuta barua yako tupu, kwa sababu maandishi yanaongezwa ikishatoka mikononi mwako. Mteja ndiye aliyenipigia: "Dada, mbona chini mmeandika Simu, halafu hakuna namba?" Kumbe jina, cheo na namba vinavutwa kwenye kumbukumbu za wafanyakazi, na utumishi hawakuwahi kujaza namba zetu. Mwenzangu kapandishwa cheo, ankara zake zikaendelea kutoka kwa "Mhasibu Msaidizi". Kasafisheni orodha kwanza, jamani, ndipo muwashe.

Mtambo Wangu
Sisi tuna seva yetu ya Postfix, programu ya kusafirisha barua. Yenyewe haina kazi hiyo, kwa hiyo tunatumia alterMIME, kiprogramu kinachobandika maandishi kwenye barua. Hapa mpangilio ndio kila kitu: bandika kwanza, DKIM (sahihi ya kidijitali inayothibitisha barua imetoka kwenu) itie sahihi baadaye. Aliyetutangulia alipanga kinyume. DKIM inapiga hesabu ya mwili wa barua na kuifungia kwenye sahihi. Ukiongeza mistari baada ya hapo, hesabu ya mpokeaji hailingani na barua inaonekana imechezewa njiani. Zabuni zetu zilikuwa zinaangukia spamu, na lawama zote akabebeshwa mtoa intaneti asiye na kosa.

Kalamu, ninyi wa 365 DKIM haiwahusu sana, Microsoft wanatia sahihi mwishoni. Kama hakuna huduma nyingine inayogusa barua baada yao, mko salama. Ila angalia barua zilizofungwa kwa siri. Kanuni haiwezi kuzifungua ibandike, kwa hiyo inakuuliza ifanye nini: iifungashe ndani ya barua mpya, iiache ipite, au iirudishe. Usichague kurudisha kama unaipenda kazi yako.

Mswahili wa Leeds
Huku Uingereza tangu 1 Januari 2007 kampuni lazima iandike kwenye imeili za biashara jina lake lililosajiliwa, namba ya usajili, iliposajiliwa na anuani ya ofisi iliyosajiliwa. Mistari miwili imetosha. Lile onyo refu la usiri halimo kwenye masharti hayo, watu wanaigana tu. Mtu ameshasoma barua yote ndipo unamwambia chini asisome?

Kalamu ya Chuma
Hahaa! Mwanasheria wetu kaleta ukurasa mzima.

Mzee wa Seva
Mwambie Exchange inapokea herufi 5,000 tu, na alama za HTML (zile za kupanga rangi na mwonekano) zimo humo humo. Atapunguza.

Kalamu ya Chuma
Na nembo je? Watu wa idara ya masoko wanaing'ang'ania.

Mzee wa Seva
Picha unaiweka kwenye tovuti, HTML inaiita kutoka huko. Wapokeaji wengi programu zao zinazuia picha za nje, wanaona kiboksi kitupu. Wape masoko rangi kwenye jina la kampuni, yaishe.