Nimeuziwa kalamu ya Parker 51 kwa bei ya Hero ya China. Nirudi kumwambia muuzaji?

FundiSaa_Majengo

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko Majengo hapa Dodoma. Ugonjwa wangu wa pili baada ya saa ni kalamu za wino, zile za nibu, za kunyonya wino kwenye chupa. Ninazo kumi na tisa. Mke wangu anajua saba.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mnada wa Msalato kufuata nyama kama watu wengine. Nyuma ya wauza mitumba kuna kijana hutandaza turubai chini: funguo zisizo na kufuli, rimoti, miwani ya kusomea, chaja za Nokia za zamani. Alikuwa na kopo la Blue Band limejaa kalamu, limebandikwa karatasi: HERO ZA CHINA 5,000. Nikachuchumaa nikaanza kuchambua. Nyingi zilikuwa Hero 616 kweli, zimekwaruzika vibaya. Moja haikuwa Hero.

Nilianza kuihisi kabla sijaiona. Uzito wake ulikaa vizuri mkononi. Klipu ya mshale, mwili rangi ya damu ya mzee. Nikageuza mdomo wa kifuniko juani, nikaona maandishi madogo yamezunguka: Parker, imetengenezwa Uingereza. Nikafungua mwili. Ndani kuna mrija wa chuma uliochorwa jina na maelekezo ya kujaza wino, na ule upau wa kubana. Nikabana, kifuko kikarudi chenyewe, laini. Hero nayo ina mrija na upau, kwa hiyo mtu asiyezoea hawezi kulaumiwa, maana Hero 616 iliigwa kutoka kwenye Parker hii hii. Nilishukuru pia kwamba haikuwa ile ya kusukuma kitufe cha nyuma, maana mpira wa zile huoza.

Hapo nikanyamaza. Na kibaya zaidi nikaomba apunguze! Mazoea tu, na niliogopa nisipoomba atashtuka. Akaniachia kwa 4,000.

Kwa wasiojua, Parker 51 iliyosafishwa vizuri nje ya nchi huuzwa kama dola 80 hadi 150.

Sasa sikieni kinachonisumbua. Kwenye saa nina utaratibu wangu. Mteja akiniuliza "fundi, hii ni saa gani?" namwambia ukweli hata kama naitamani. Kuna mama aliwahi kuniletea Omega ya marehemu mumewe, alitaka kumpa mtoto achezee. Nilimwambia aifungie kabatini na asimuuzie mtu haraka, hata mimi. Lakini kijana wa Msalato hakuniuliza kitu. Alitaja bei yake, nikalipa. Kwa utaratibu wangu mwenyewe sina kosa. Mbona basi kila nikiishika naiona kama nimeiazima?

Msinione malaika, nami nimeshapigwa. Mwaka jana nilinunua mtandaoni kalamu iliyoandikwa NIBU YA DHAHABU HALISI, 60,000. Ilipofika nikaweka lenzi yangu ya saa jichoni, nikasoma kwenye nibu: 18KGP. Hizo herufi mbili za mwisho maana yake ni chuma kilichopakwa dhahabu juu. Sikumfuata muuzaji. Nilijua hatarudisha.

Maswali mawili: nirudi kwa yule kijana au nitulie? Na wino uliokaukia ndani nautoaje bila kuiua kalamu?

Bei_Ni_Makubaliano

Mleta mada unataka kuungama, nenda kwa padri. Alitaja 5,000 akiwa na akili timamu, mchana, bila kushikiwa panga. Ungekosea wewe ukanunua Hero kwa bei ya Parker, yeye angelala usingizi wa pono. Soko ni soko.

KaraniMstaafu

Mwanangu, shikamoo hukutoa, lakini marahaba.

Nilianza ukarani Mpwapwa mwaka 1968. Mezani kwetu kulikuwa na kalamu za kuchovya na kidau cha wino. Parker 51 ilikaa mfuko wa shati la bosi, mshale ukionekana, na haikuazimwa. Alituambia nibu huzoea mkono wa mwenyewe, ikishikwa na mwingine inaharibika. Nilimwamini miaka kumi. Sasa naona alikuwa bahili tu.

Kalamu hiyo ilianza kuuzwa 1941. Jina limetokana na kwamba ilikamilika 1939, mwaka wa 51 wa kampuni iliyoanzishwa 1888. Za mwanzo ndizo hizo za kitufe ulizozitaja. Yako ya kubana ilikuja 1948. Na uliza kwa nini dhahabu yake haionekani. Nibu kwa kawaida ni karati 14, lakini imefunikwa na ganda, kinachochungulia ni ncha tu. Waliificha ili wino usikaukie njiani, na kwa upepo wetu wa Agosti hiyo ni faida kubwa. Lakini ndiyo inayomponza muuzaji: haoni njano, anaandika 5,000. Hizo zinazong'aa ndizo zinazowaponza wanunuzi, kama wewe na GP yako.

Kusafisha: fungua mwili tu. Ganda la mbele usiliguse na koleo, limegundishwa, litapasuka. Chovya ncha kwenye maji ya baridi yenye tone moja la sabuni ya vyombo, bana, achia, mwaga, rudia hadi mkono uchoke. Kisha isimamishe kwenye kikombe usiku kucha, ncha majini. Maji ya moto hapana. Spiriti hapana. Kusuuza mara ya mwisho tumia maji ya chupa, maana haya ya bomba yana chumvi, unaona yanavyoifanya birika ya chai. Na usije ukaijaza wino wa mhuri. Nimeshuhudia mhasibu mzima akifanya hivyo, tena mbele ya mkaguzi.

Halafu asitokee mtu hapa kusema ni ya Mzungu wa karanga Kongwa. Mkoa huu kila kitu kizee lazima kiwe cha mradi wa karanga. Ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947, ukafa 1951. Walimu, makatekista na makarani wetu walijinunulia kalamu kwa mishahara yao miaka mingi baada ya hapo.

Ipagala_B

Mimi nasaka mtandaoni tu. Siandiki "Parker" kwenye kisanduku cha kutafuta, naandika "Paka", "Paker", "peni ya zamani", "kalamu ya babu". Anayejua jina haandiki hivyo. Nikiona picha yenye ukungu naomba moja ya mdomo wa kifuniko na moja ya ndani baada ya kufungua mwili. Asipotaka kufungua, naachana nayo. Fundi, naomba unifundishe kuibana bei hadi 4,000.

DadaVikorokoro

Naongea kama muuzaji, nipo Sabasaba, vyombo na vikorokoro vya majumbani.

Mnasema "hajui, hajui". Kaka zangu, gunia nalinunua 30,000 likiwa limefungwa mdomo. Nyumba inahamwa, au mzee amefariki na wajukuu wanataka vyumba vya kupangisha. Nikitoa hela ya bodaboda na ushuru, ninajua gunia linanidai nini. Bei ya kitu kwangu ni kile gunia linachodai. Thamani yake kwenu wenye lenzi jichoni ni habari nyingine. Nikae nikague kalamu mojamoja, unga wa watoto utaletwa na nani? Kwa hiyo huyo kijana hakuibiwa. Gunia lake lilisharudi zamani, hiyo ilikuwa faida.

Na mngeanza kuwahurumia wa juu zaidi. Wajukuu waliouza gunia walipata nini? Hakuna anayeuliza.

Kilichoniudhi kwako fundi siyo kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ya mnunuzi, na mimi nikinunua gunia nanyamaza. Ni ile 1,000. Unashika kitu cha laki mbili mkononi, moyo unakudunda, halafu unamlilia mtu shilingi elfu. Ingekuwa mimi ningegundua baadaye, hiyo elfu ndiyo ingeniuma.

FundiSaa_Majengo

Shikamoo mzee Karani, nimekosa. Dada, umenipiga panapouma.

Usiku wa kwanza maji yametoka bluu. Nikadhani nimemaliza. Usiku wa pili yametoka mekundu kama juisi ya rozela.

KaraniMstaafu

Mwalimu huyo. Alisahihisha madaftari kwa nyekundu kabla kalamu haijapata mwenyewe mwingine. Endelea kusuuza.

FundiSaa_Majengo

MREJESHO, baada ya wiki tatu.

Kalamu inaandika. Mstari wake ni mwembamba, unateleza kwenye karatasi kama mtu anayejua anakokwenda. Mke wangu sasa anajua nane.

Nilirudi Msalato na 40,000 mfukoni. Nikamwonyesha kijana kalamu, nikaanza, "Unakumbuka hii?" Akanikata: "Mzee mimi sirudishi hela." Nikamwambia siitaki hela, nimekuja kumwongeza. Uso ukabadilika. "Kwani ya wizi? Wewe ni askari?" Ikabidi nitaje kibanda changu, nimtaje muuza betri wa jirani anayefahamika na wengi, ndipo akakubali kunisikiliza. Gunia, anasema, alilitoa kwa wauza chuma chakavu Kizota. Mwalimu wetu ameishia hapo, sijaweza kwenda mbali zaidi.

Akachukua 30,000. Ile kumi akaikataa, akasema nimnunulie soda. Kisha akaniomba nimfundishe. Nikachuchumaa naye karibu saa nzima, nikamwonyesha klipu, mdomo wa kifuniko, maandishi ya ndani. Kichwa chake chepesi, alikuwa ananiuliza kabla sijamaliza. Niliondoka nimefurahi, dada, nikasema ile elfu imelipika.

Wiki iliyopita nimepita tena. Kopo ni lilelile la Blue Band. Karatasi mpya: PAKA 51 ORIJINO 80,000. Ndani ni zilezile Hero zilizobaki, amezing'arisha kwa dawa ya meno, na juu yake Bic moja isiyo na kifuniko.

Na kulikuwa na mteja. Kijana mdogo, amevaa kitambulisho cha ofisi shingoni, bila shaka ajira mpya. Ameshika Hero moja, ananiona nimevaa miwani na mvi zangu, ananiuliza, "Samahani mzee, hii ni yenyewe?"

Yule wa turubai ananitazama, ameshika kamba ya turubai.

Bei_Ni_Makubaliano

Ukamjibu nini??

FundiSaa_Majengo

Nilimwambia ni Hero, asitoe zaidi ya 5,000.

Nyama sasa nachukua upande ule wa barabarani.