Glasi zangu zinapasuka usiku, nakosea wapi?

Wakuu, niko Kirumba, Mwanza. Nayeyusha chupa za bia kwenye tanuru la gesi, napuliza glasi. Jana nilifukia tatu kwenye majivu ya moto zipoe. Saa nane usiku nasikia "ta!" Asubuhi mbili zimepasuka kuanzia kitakoni. Mke wangu anasema ni upepo wa ziwa. Kweli?

Jibu: Shemeji hajakosea sana, ila majivu yanapoa haraka mno. Kitako ni kinene. Nje kinapoa, ndani bado kina moto, kioo kinavutana chenyewe. Jenga kitanuru cha pili, nyuzi 540 hivi, zikae saa nzima, kisha shusha moto kidogokidogo. Nilipuliza vioo Arusha miaka sita, hatukufungua kabla ya kesho yake. Hata bosi akija na wageni.

Jibu: Ulichanganya chupa? Za viwanda tofauti hazitanuki sawa. Kioo cha dirisha ndiyo usichanganye kabisa.

Muuliza swali: Duh, nilichanganya za kijani na nyeupe. Kesho natafuta matofali ya kustahimili moto, nijenge hicho kitanuru.

Jibu: Na ile ya tatu?

Muuliza swali: Ipo dirishani. Naogopa hata kuitilia maji.