Niko mwaka wa pili wa uzamivu, elimu maalumu. Ualimu wa chuoni unafunzwa wapi?

Mwl_Kitengo
Habari za jioni wadau. Nimefundisha kitengo cha viziwi shule ya msingi miaka 11. Nilipitia Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, nikaja shahada, uzamili, na sasa niko mwaka wa pili wa uzamivu wa tasnifu tupu, hauna kozi. Utafiti wangu ni wa kuwahoji watoto viziwi kwa Lugha ya Alama, kwa video. Msimamizi wangu ni mtu mwema. Sura ya pili aliirudisha imejaa wino mwekundu na ninamshukuru kwa kila mstari.

Kilichonileta ni hiki. Mwezi uliopita mhadhiri mmoja alisafiri, nikaombwa nimshikie kipindi cha mwaka wa kwanza, utangulizi wa elimu jumuishi. Nimezoea watoto tisa waliokaa nusu duara. Nikakuta watu zaidi ya 200, spika inakoroma, na mstari wa mbele binti kiziwi na mkalimani wake. Nikaanza kuongea haraka huku nimegeukia slaidi. Kama dakika ya ishirini hivi mkalimani akainua mkono kuniomba nisubiri. Yule binti alishaacha kuangalia, ananakili maneno ya kwenye slaidi tu. Na mimi ndiye mwalimu wa viziwi. Usingizi ulinipaa usiku ule.

Nikimaliza nataka kufundisha chuo kikuu. GPA ninayo, 3.9 ya kwanza na 4.2 ya uzamili, hapo sina wasiwasi. Lakini kufundisha walimu, kusimamia BTP (mazoezi ya kufundisha mashuleni), kutoa makala: haya mlijifunzia wapi wenzangu?

DktNyanda
Mwalimu, pole, na asante kwa kulisema wazi. Niko kwenye uhadhiri mwaka wa nane sasa. Uzamivu wa tasnifu tupu unakufundisha kutafiti, kufundisha walimu haukufundishi. Usingoje chuo kikuandae. Nenda kwa mkuu wa idara uombe kundi moja la semina, watu 25 hivi, muhula mzima, hata kama hakuna malipo. Kundi moja ulilokaa nalo muhula litakufaa kuliko vipindi vitano vya kushikia watu. Utatunga swali, utasahihisha, utaona lilivyoeleweka kinyume, na mwenye somo atakuelekeza.

Halafu omba kufuatana na wasimamizi wa BTP. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa nyuma ya darasa la viziwi na fomu ya tathmini mkononi. Mwanachuo ana andalio safi, kadi kazikata mwenyewe, alama zake za mikono nzuri. Nikaweka tiki juu mpaka chini. Mwenzangu, mwalimu wa viziwi wa siku nyingi, akaninong'oneza: "Kakae alipo yule mtoto wa mwisho." Nikahamia kwenye kiti kidogo. Mwanachuo alikuwa amesimama dirisha likiwa mgongoni kwake, na jua la saa tatu linatupiga machoni. Uso na vidole vyake vilikuwa kivuli kitupu! Watoto walikuwa wanaigana majibu. Fomu haikuwa na kisanduku cha dirisha. Tulipomhamishia ukuta wa pili, yule mtoto wa mwisho akainua mkono mwenyewe.

Hilo wewe ungeliona ukiwa bado mlangoni. Utakachohitaji kujifunza ni kumweleza kijana wa miaka 22 bila kumvunja moyo, kwa dakika kumi, gari likiwa linasubiri kwenda shule nyingine.

Na lile darasa la 200 usilikimbie. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu nafasi katika shule ya kawaida, kwa hiyo wale wanachuo wa hisabati na jiografia ndio watakaompokea. Mkabidhi mkalimani slaidi siku mbili kabla, na ukionyesha picha, nyamaza kwanza waiangalie. Kiziwi hawezi kutazama picha na mikono kwa wakati mmoja. Unalijua hilo, kitengoni ulikuwa unalifanya kila siku.

AchiengKsm
Huku Kenya presha ya makala ni kubwa, tunadaiwa kuchapisha kabla ya kuhitimu. Kaka, angalia majarida ya kitapeli. Ukiona barua pepe inakusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa, futa. Rafiki yangu aliingia humo, na siku ya usaili makala yake haikuhesabiwa.

DktNyanda
Dada Achieng kasema kweli. Mwalimu, makala ya kwanza unayo tayari. Mahojiano yako ni ya Lugha ya Alama, kwa hiyo una video. Ulizigeuza Kiswahili, kisha Kiingereza: nani alihakiki? Uso wa mtoto unaonekana, jina la bandia halimfichi, sasa ridhaa uliiombaje, na video zinatunzwa wapi? Andika hayo tu. Wengi tunayapitia na ni wachache wanaoyaandika.

Nukta6
Mimi ni asiyeona, nilitetea tasnifu yangu miaka mitatu iliyopita. Mwalimu, kama mhakiki wa tafsiri zako ni kiziwi, jina lake liwe kwenye makala kama mwandishi mwenza, si kwenye shukrani. Nimeshukuriwa kwenye kazi za watu mara nyingi, na shukrani haiingii kwenye wasifu wa mtu anayetafuta kazi.

Mwl_Kitengo
Asanteni sana. Nukta6, umenigusa. Mhakiki wangu ni kiziwi, mwalimu msaidizi pale shuleni kwangu, na kweli nilikuwa nimemweka kwenye shukrani. Nimemtumia ujumbe sasa hivi, tunakutana Jumamosi tupitie video upya. Kwa mkuu wa idara naingia Jumatatu. Dkt, naomba kuuliza: hilo kundi la semina niombe la mwaka wa kwanza, au la wa tatu wanaojiandaa na BTP?

DktNyanda
Mwaka wa tatu. Na ukipata, muulize yule binti wa mstari wa mbele kama yuko tayari kuja siku moja awaambie alichokiona siku ile.