MJADALA: "Kali" ya pilipili na "kali" ya ndimu, ni neno moja?

Wakuu, nimechoka kusikia kwamba Kiswahili ni maskini kwa sababu pilipili ni kali, ndimu kali, siki nayo kali. Wengine wanaongeza kuwa hata neno lenyewe ni la kuazima, eti Kiarabu.

Nianze na hilo la kuazima. Vivumishi tulivyochukua Kiarabuni havipokei kiambishi: kisu safi, maji safi, watu safi. Kali linapokea: kisu kikali, maji makali, watu wakali. Kinachowapoteza watu ni kwamba pilipili, ndimu na siki zote zimeangukia ngeli ya I-ZI, ambako neno linabaki tupu. Tena Wazulu, mbali kabisa na pwani hii, kitu chenye makali wanasema ni bukhali. Hilo ni la Kibantu, basi. La kuazima ni "pilipili": Waajemi na Waarabu waliita hivyo ile nyeusi, na nyekundu ilipotoka Amerika baada ya 1492 ikarithi jina.

Msimamo wangu: kali si jina la ladha. Ni makali, kile kinachokata, kiwe kisu, jua au ulimi wa mtu. Ladha zina majina yake: uchachu, uchungu, ukakasi.

— Mkuu, nakupinga. Juzi nimefungua chupa ya achari imeandikwa "kali". Nikaweka maji karibu, nikachota kidogo kwa ncha ya kijiko. Kumbe ndimu na siki tupu! Meno yakafa ganzi, na pilipili niliyoitaka haimo. Neno lisilonionya linanisaidia nini?

— Hapo umenibana kidogo. Ila kosa ni la mwandika lebo, kwa sababu "inawasha" lipo. Na ni neno sahihi kuliko tunavyodhani: kuwasha limetoka kwa kuwaka. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake walionyesha kwamba pilipili inaamsha kipokezi kilekile cha neva kinachohisi joto la kuunguza. 2021 akapata Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na Ardem Patapoutian. Ulimi unadanganywa kwamba unaungua.

— Na ugwadu mmeuacha wapi? Ndimu ina ugwadu, mambo ya "kali" ya nini?

— Ugwadu nakubali. Lakini ndimu yenye ugwadu mwingi utaiitaje, kama si kali?