Naomba ushauri: mizizi ya kitunguu haituonyeshi seli zikigawanyika

Jambo wandugu, hasa walimu wa biolojia. Nafundisha sekondari hapa Bukavu, na wiki ijayo nataka sana wanafunzi waone kwa macho yao seli ikigawanyika, si mchoro wa ubaoni tu.

Nilinunua vitunguu soko la Kadutu, nikaviweka juu ya glasi, kitako kikigusa maji. Siku ya 4 mizizi ilifika sentimita 2. Niliikata saa tatu asubuhi, nikailoweka usiku kucha katika alkoholi sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1, halafu dakika 5 katika asidi hidrokloriki ya moto, kisha rangi ya asetokamini, nikakandamiza kwa kidole gumba. Hadubini yetu hukuza mara 400.

Naona seli ndefu kama matofali, kila moja na kiini cha duara kilichotulia. Mara moja tu nilikuta kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) zimejipanga katikati, nyekundu iliyokoza. Kitunguu kina 16, ila zilishikana, sikuweza kuzihesabu. Nilimwita hata mlinzi aje aone.

Nashuku nilichukua mbali mno na ncha ya mzizi, kule ambako seli zinarefuka tu. Jana nilibakiza milimita 2 za mwisho, lakini zilirundikana tabaka juu ya tabaka. Tena usiku wa huku ni baridi, na baridi hupunguza kasi ya kugawanyika.

Nikate saa ngapi? Na bila kipimajoto, nitajuaje asidi imelainisha vya kutosha kabla ncha haijasagika?

Aksanti sana.