Mtalii akiporwa simu Rio, alaumiwe nani?

Mwana wa Kigamboni
Wakuu kuna video inazunguka, dada wa Kibongo yuko Copacabana mchana kweupe anajirekodi, jamaa kapita na baiskeli kaichomoa simu mkononi kama anachuma embe. Chini watu wote wanailaani serikali ya Brazili. Mi nauliza, lawama ni ya nani hapo? Avenida Atlântica njia ya baiskeli imepita palepale kando ya ufukwe, we umesimama pembeni yake na simu ya milioni tatu mkono umenyoosha. Rio simu haitolewi hovyo, hata mtoto anajua. Kwangu kosa ni lake. Tujadili kwa hoja.

Bi Mdogo wa Tanga
Yaani mwizi kaondoka na simu halafu kesi abaki nayo aliyeibiwa? São Paulo wenyeji wanavunjiwa kioo cha gari kwenye foleni simu inabebwa ikiwa kwenye dashibodi, na wao utasema hawajui mji wao?

Mwana wa Kigamboni
Usinilishe maneno dada, nimesema tahadhari. Simu yenyewe siyo shida, shida wanaipora kioo kikiwa kinawaka, ishafunguliwa. Tangu Pix, mfumo wao wa kutuma pesa kwa simu, ianze mwaka 2020 pesa Brazili inahama papo hapo, benki kwa benki, usiku na mchana, sasa mtu akishika simu iliyo wazi anaweza akaingia hadi kwenye akaunti. Ndo maana kuna wenyeji wana simu mbili, yenye programu za benki inalala nyumbani. Huyu dada kabeba kila kitu kwenye simu moja.

Chief wa Eldoret
Wee hii maneno mnaikuza bure. Sisi watu weusi huko ni kama tuko home, zaidi ya nusu ya Wabrazili kwa sensa yao ya 2022 ni weusi ama machotara. Vaa kaptula na slipa, tembea kama mtu anajua anaenda wapi, hakuna mtu atakushuku. Mwizi anatafuta mzungu wa kamera. Wakenya wanakimbia mbio za São Silvestre hapo São Paulo kila Desemba 31, Tergat peke yake alishinda mara tano, na walikuwa wanarudi nyumbani salama.

Bi Mdogo wa Tanga
Tergat alienda kukimbia mbio zenye waandaaji wa kumpokea na kumrudisha, unamfananishaje na msichana anayetembea peke yake na ramani.

Papa Glicério
Ndugu wa Eldoret, hii maneno yako imeniuma. Mi ni Mkongo, nakaa São Paulo, Glicério. Mwizi anaweza akakuacha, sawa, sasa polisi? Nilikuwa natoka kazini, kaptula na ndala vilevile unavyoshauri, begi mgongoni. Askari wawili wakapanda na pikipiki hadi juu ya njia ya miguu, “mão na cabeça”, yaani mikono kichwani, vidole ufunganishe nyuma ya kichwa, uso kwa ukuta, miguu wanaitanua kwa ncha ya buti. Simu ilikuwa yangu wakaniuliza risiti iko wapi. Mama mmoja mzungu akapita na mbwa wake katikati yetu, hakuna aliyemtazama. Nikijibu Kireno wanazidi ukali, nilipoanza Kiingereza ndo mmoja akauliza “gringo?”, yaani mgeni, akapunguza sauti. Na Januari 2022 huko huko Rio, Barra da Tijuca, kijana wetu Mkongo alipigwa mpaka akafa kwenye kibanda cha ufukweni, familia yake ilisema alienda kudai malipo ya kazi yake. Kufanana na wenyeji hakukumsaidia kitu.

Chief wa Eldoret
Pole sana bro, kwa roho yangu yote. Lakini hiyo ni mambo ya wakimbizi, hapa tunaongea tourist, mtu wa wiki moja na hoteli.

Papa Glicério
Askari akikusimamisha haulizi kwanza kama una tiketi ya kurudi!! Anaona ngozi, anaona begi. Karatasi ni baadaye.

Mama Ughaibuni
Chief hapo umeteleza, na Papa anasema kitu ambacho vitabu vya wasafiri havikigusi. Ushauri wote ni uleule, fanana na wenyeji, pasipoti iache hotelini. Huo umeandikwa kwa mzungu, yeye akisimama popote anajulikana mgeni na polisi wanamlinda. Mimi Rio mlinzi wa hoteli niliyolala alikuwa ananizuia mlangoni kila nikirudi, ananiuliza naenda chumba cha nani, wageni wengine wanapita. Kwetu inabidi ujulikane ni mgeni kwa polisi, na usijulikane kwa mwizi, na hao wote wako barabara moja. Mnipe jibu la hilo kabla hamjamlaumu yule dada.

Mwana wa Kigamboni
Mada mmeihamisha lakini. Niliuliza simu.

Kijana wa Mbeya
Mi naona tatizo ni hizi ziara za favela, mitaa ya mabanda, watu wanapanda Rocinha huko Rio kwenda kupiga picha umaskini wa wenzao. Si kuna Mhispania alipigwa risasi na majambazi huko 2016, wakati wa Olimpiki? Zipigwe marufuku tu.

Mama Ughaibuni
Ilikuwa Oktoba 2017 na waliompiga ni polisi, walisema gari halikusimama kwenye kizuizi. Mama wa watu alikuwa anashuka kutoka kwenye ziara. Aliyepigwa na wenye silaha wa mtaani ni yule Muajentina, Desemba 2024, alitoka kwenye sanamu ya Kristo ramani ya simu ikampitisha kilimani, akafariki wiki kadhaa baadaye. Ziara hakuwa nayo. Na Rocinha wanaishi watu zaidi ya elfu sabini, wengine ndo wanaoongoza hizo ziara na kula kwazo, ukipiga marufuku utawalipa wewe?

Kijana wa Mbeya
Mbona ukali mama yangu, mi nimeuliza. Ila 2016 au 2017 mtu si amekufa.

Mama Ughaibuni
Kafa kwa mkono wa nani ndo kitu muhimu mwanangu, maana tahadhari zake ni tofauti. Ukijikuta umeingia mtaa wa hivyo na gari unashusha vioo, unawasha taa ya ndani, unapunguza za mbele, mwendo wa pole, waone sura yako. Ukikimbia wanadhani wewe ni adui.

Bi Mdogo wa Tanga
Turudi kwa dada basi. Kuna anayemjua? Leblon kuna kituo cha polisi cha watalii, akaandikishe taarifa, bima haitamlipa bila ile karatasi. Serikali yao ilileta programu ya Celular Seguro mwishoni mwa 2023 ya kufungia simu iliyoibiwa lakini unaingia kwa akaunti ya serikali ya Brazili, mgeni wa wiki moja ataipata wapi? Hapo ndo mnapaswa kulalamikia, mnahangaika na mkono wake aliunyoosha vipi.

Mwana wa Kigamboni
Sawa, serikali wana lao. Ila angeiweka ndani ya begi mbele ya kifua tusingekuwa hapa.

Bi Mdogo wa Tanga
Begi nalo lingeporwa ungesema kwa nini alibeba begi.

Msomaji wa Arusha
Samahani nakatiza. Papa Glicério, mdogo wangu wa kiume anatua Guarulhos na Ethiopian mwezi ujao. Pasipoti aibebe au aiache?

Papa Glicério
Aibebe huku São Paulo, yenyewe, kopi wengine wanaikataa. Aiweke mahali pamoja asibadilishe, mfuko wa mbele wenye zipu. Wakimsimamisha mkono usiende mfukoni, hata kama ndo pasipoti iko humo, aseme kwa mdomo iko wapi na angoje waitoe wao. Na aseme Kiingereza, hata kama amejifunza Kireno.