HR wa Mwanza acheni kutudai salari slipu na stetimenti za benki, kazi ni yenu bei tajeni nyie

Wakuu habari za jioni. Nimekasirika kwa hiyo mnivumilie, nitaandika yanavyokuja.

Hivi nani aliwaambia waajiri wa mji huu kwamba mshahara niliokuwa nalipwa kwa mtu mwingine ni mali yao? Maana sasa hivi ndo imekuwa utaratibu, unatuma sivii, unaitwa intavyuu, unapigiwa simu hongera kaka umefika hatua ya mwisho, halafu palepale kwenye hongera unaambiwa lete salari slipu (karatasi za mshahara) za miezi mitatu na stetimenti ya benki ya miezi sita yenye muhuri. Yani mtu huna kazi, utoke Buhongwa upande daladala mpaka mjini, ukakae foleni benki, ulipie hizo kurasa kwa hela ya kuazima, ili umpelekee mwenzio silaha ya kukupigia bei.

Kilichonikuta ni hiki. Mimi nilikuwa stoo kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, upande wa vifungashio na spea. Samaki wakapungua, wakapunguza watu, na mimi nikapitiwa na fagio. Nikaomba kazi kwenye kampuni ya usambazaji huko Nyakato (jina sitaji msinisumbue inbox), nafasi ya msimamizi wa stoo, mzigo unaenda mpaka Geita na Sengerema, madereva wako chini yako, hasara ya stoo ni yako. Sio kazi ndogo. Tangazo halikuandika mshahara, limeandika "mshahara mnono kulingana na uzoefu". Mkiona hilo neno mnono kwenye tangazo kimbieni.

Siku ya mwisho nipo mbele ya dada wa HR na meneja, dada ameshika stetimenti yangu na kalamu ile ya njano ya kumulika, anapita mstari kwa mstari. Anakoloza njano mshahara, sawa. Akafika kwenye elfu hamsini, akauliza "Kaka, huyu mama unayemtumia kila mwezi ni nani?" Nikamwambia ni mama yangu mzazi yupo Ukerewe. Akasema aah, akapiga njano na hapo. Akashuka kwenye mchango wa harusi, akashuka kwenye marejesho ya kikoba, meneja anacheka anasema "wewe bwana una majukumu". Nimekuja kuomba kazi ya kuhesabu maboksi, ya mama na ya kikoba yanawahusu nini? Na ile stetimenti nimewaachia palepale, leo sijui ipo droo gani.

Sasa njooni kwenye ofa maana hapa ndo penyewe. Kwa kule kiwandani nilikuwa kwenye laki saba kabla ya makato. Toa NSSF (mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 70,000, inabaki 630,000 ndo inayokatwa kodi. PAYE, yani hiyo kodi ya mshahara, hapo ni 20,000 ya daraja la kwanza linalotozwa na asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000, jumla 42,000. Mkononi, yani benki, inaingia 588,000. Wao wakaiona 588,000 kwenye stetimenti wakaishika hiyohiyo kama ndo mshahara wangu, wakaniandikia ofa ya 650,000, na meneja kwa kifua mbele kabisa anasema tumekuongezea zaidi ya elfu sitini.

Nikachukua simu nikapiga hesabu mbele yao. 650,000 ni kabla ya makato! NSSF 65,000, inabaki 585,000, PAYE 33,000, mkononi 552,000. Yani wananipandisha cheo, wananipa madereva na hasara ya stoo, na wananipunguzia elfu thelathini na sita kila mwezi halafu niseme ahsante bosi. Na slipu walikuwa nazo mezani, laki saba imeandikwa pale juu kabisa, wakaamua kusoma karatasi inayowafaa. Nikamwonyesha dada kwa kidole, akaniambia "bajeti yetu ndio hiyo kaka". Kama bajeti ilikuwepo toka mwanzo slipu yangu mliitakia nini?? Na nilikuja kusikia kwa jamaa wa ndani kwamba aliyekuwepo kwenye hicho kiti alikuwa anavuka milioni.

Mwenye nyumba wa Mkuyuni hata awe na roho mbaya vipi hakuulizi ulikotoka ulikuwa unalipa kodi shingapi ndo akupangie, anakutajia bei ya chumba chake unakubali au unaondoka. Kwa nini mwajiri ashindwe?

Na mimi nina afadhali nilikuwa na slipu. Kuna vijana wamekaa miaka kwenye maduka ya spea na hadwea hapa mjini wanalipwa mkononi wanasaini kwenye kaunta buku, slipu hawajawahi kuiona, ingawa sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo yako na makato yake. Kuna wengine wanalipwa laki tano, ila NSSF inapelekwa ya laki mbili na nusu, nyingine wanapewa kwenye bahasha. Huyo leo akienda kuomba kazi akaambiwa alete uthibitisho analeta nini? Akisema laki tano anaitwa muongo, akileta karatasi anaonekana wa laki mbili na nusu. Wizi wa bosi wa zamani unakuwa kipimo cha bosi mpya. Dada zetu ndo wanaumia zaidi, ukianza kazi kwa mshahara wa kuonewa unatembea nao kazi mpaka kazi, na ndo sababu Massachusetts kule Marekani walipitisha sheria mwaka 2016 ya kumzuia mwajiri kuuliza mshahara wa nyuma kabla hajatoa ofa, California wakafuata kuanzia Januari 2018, na Ulaya wana maagizo ya 2023 yanayokataza kitu hichohicho. Sisi huku sheria yetu ya ajira haijamkataza mtu kuuliza, kwa hiyo wanauliza mpaka ya mama yako.

Ila tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, inafanya kazi toka Mei 2023 na tume yake ipo. Inataka taarifa zako zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisizidi lengo hilo. Marejesho ya kikoba yanatimiza lengo gani la kuajiri mtu wa stoo? Nataka mwanasheria humu anijibu hilo, na asinijibu kwa mafumbo.

Kwa anayekaribia kuitwa, mimi sasa hivi nafanya hivi. Wakiniuliza ulikuwa unalipwa shingapi nawaambia kwa majukumu mliyonieleza mimi naangalia kati ya hapa na hapa kabla ya makato, nyie mmepanga ngapi? Halafu nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu lakini ukianza kujieleza umekwisha. Wakitaka uthibitisho kwamba nilifanya kazi kweli nawapa cheti cha utumishi, hicho ni haki yako ukiacha kazi, mdai bosi wako kabla hajakusahau. Wakikomaa na slipu nasema nitaleta baada ya ofa ya maandishi. Na wakikomaa zaidi ya hapo na nyumbani hali ni ngumu, peleka slipu pekee, stetimenti usipeleke, au ipeleke umeziba kila kitu isipokuwa mstari wa mshahara. Na kila karatasi wakikupa andika kwa kalamu pembeni "kabla ya makato" au "baada ya makato" wasije wakajifanya hawajaona.

Kitu kimoja tu msifanye, kwenda stationari kutengenezewa slipu ya laki tisa. Najua wapo wanaofanya na bei yake mnaijua. Wakiomba taarifa ya michango yako ya NSSF hesabu inarudi nyuma yenyewe, asilimia inajulikana, unaumbuka na unaweza kupelekwa polisi kwa kughushi kwa ajili ya kazi ambayo hata hujaanza.

APDETI: Naona mkuu mmoja anasema "ungekubali tu ngosha, kazi hakuna". Kazi hakuna ndiyo, nalijua hilo kuliko wewe unayeandika ukiwa ofisini. Lakini ukiingia kwa 552,000 leo, mwaka kesho ukiomba kazi kwingine utadaiwa slipu tena na hiyo 552,000 ndo itakuwa bei yako, utaitoaje?

APDETI 2: Wanaouliza iliishaje, niliwaandikia barua pepe nikawawekea ile hesabu yote mstari kwa mstari nikaomba 850,000 kabla ya makato na nikaomba wanirudishie stetimenti yangu. Kuhusu mshahara wamejibu "tutakurudia". Kuhusu stetimenti hawajajibu kitu. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko kule kwenye tume ya taarifa binafsi aje hapa anielekeze naanzia wapi, na anayejua kampuni ya Mwanza inayoandika mshahara kwenye tangazo aiweke tuitume sivii usiku huuhuu.